Mashine ya Hridya Haiguswi

Jumamosi saa tano asubuhi, soko la kompyuta la Menaka hapa Kochi, kusini mwa India, halina pa kutia mguu. Hridya alikuwa ameegemea kaunta, kameezi yake ya manjano imemganda mgongoni kwa jasho, akimuuliza muuzaji kama kompyuta kuukuu ya ofisini inaweza kuhifadhi tovuti kwa programu huria. Nyuma yake mtu akacheka puani.

"Dada, soma mwongozo kwanza," akasema. "Ukimaliza, usome tena. Ndipo uulize."

Huyo ndiye Prasoon: ndevu za wiki tatu, fulana yenye picha ya pengwini, nembo ya watu wa programu huria, tumboni. Wa aina yake nawajua, nimekua nao. Programu zenyewe ni za bure, zimeandikwa ili kila mtu azitumie, lakini wao wanazilinda kama walinzi wa benki.

Hridya akageuka. "Na wewe ulizaliwa umeshausoma? Au mama yako alikunyonyesha mwongozo?"

Muuzaji akaangua kicheko. Prasoon naye, badala ya kukasirika, akambebea kompyuta aliyoinunua hadi kituo cha basi, na kabla basi halijafika walikuwa wamepeana namba.

Mama yake Hridya hukaanga chipsi za ndizi za kuuza, na Hridya alitaka tovuti ya duka ikae kwenye mashine yao wenyewe, ndani ya stoo yao, na aisimamishe kwa mikono yake. Mama alimpa muda hadi sikukuu ya Onam. Akishindwa, kazi anapewa binamu, bingwa wa kuwauzia watu vitu vya bure.

Kila jioni simu ililia, naye ni Prasoon.

"Kipenzi, umefika wapi?"

"Nimeharibu tena."

"Umeharibu nini leo?"

"Sikwambii. Utanicheka."

"Nitacheka kidogo tu."

Alicheka sana, mjinga yule. Hata hivyo Hridya alimpenda. Moyo hauna adabu.

Siku moja Hridya alirudi kutoka sokoni akamkuta Prasoon sebuleni, kakaribishwa na mama, anang'aa kama bwana harusi.

"Tovuti iko hewani, mpenzi! Dakika arobaini tu!"

Hridya akafungua kompyuta ndogo, akaitazama. "Mipangilio yangu iko wapi?"

"Ule uchafu? Nimefuta, nikaanza upya. Hata sijui mashine ilikuwa inawakaje."

"Ni kazi ya wiki sita, Prasoon."

"Nimekuokolea nyingine sita!"

"Toka."

Prasoon alitoka akiamini kwamba wanawake hawana shukrani. Hridya aliamini kwamba Prasoon anamwona mpumbavu, na hakukosea. Usiku uleule akaifuta kazi yote ya Prasoon akaanza na mashine tupu. Mama nusura azirai.

Siku kumi na moja simu haikulia. Ya kumi na mbili ikalia.

"Nimekukumbuka, Hridya."

"Kumbuka polepole, nina kazi."

"Nije nikusai..."

"Malizia hilo neno uone."

Prasoon akabadili maneno. "Nije nikae tu."

"Ukigusa kitu nakukata vidole."

Akaja siku mbili kabla ya Onam, amenyoa, amevaa mundu, shuka letu la kiunoni, jeupe lenye pindo la dhahabu. Akaketi kando yake, viganja amevikalia. Hridya alikuwa sebuleni akiipa amri mashine ya stoo kutoka kompyuta ndogo. Tovuti ilikuwa imekwisha kusimama. Ilibaki kuifunga milango ya mashine ili wezi wa mtandaoni wasiingie, na kabla ya kufunga lazima uache wazi mlango unaopitia wewe mwenyewe. Wanaoanza husahau hapo.

Prasoon aliiona amri ile. Aliona mstari uliokosekana. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Jasho likamshuka hadi kidevuni. Hridya akabonyeza.

Skrini ikaganda. Akajaribu tena, kimya. Akashusha pumzi. Amejifungia nje.

Akamgeukia. "Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nilikaribia kufa, lakini nikanyamaza."

Hridya akainuka, akabeba skrini kuukuu na kibodi hadi stoo, avichomeke kwenye mashine yenyewe, ambako hahitaji mlango. Prasoon hakuinuka kumsaidia. Ndilo tendo la kwanza la akili nililowahi kumwona akilifanya.

Baada ya dakika ishirini, mama alipiga kelele jikoni: chipsi zake zimeonekana kwenye simu. Hridya akatokea mlangoni mwa stoo, utando wa buibui nyweleni.

"Jumapili ijayo mlete mama yako anywe chai."

Kwetu mama wa kijana haji kunywa chai nyumbani kwa msichana kwa sababu ya kiu. Prasoon akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka, na Hridya akamcheka hadi yeye mwenyewe akakaa chini.