Siri Iliyosomwa Mstarini

Kila asubuhi Hilaria alianza na shuka. Kabla ya kufagia uwanja, kabla ya kumpa ng'ombe majani, alilikunja shuka lake lililolowa, akalitoa kwa mlango wa nyuma na kulisuuza kwenye ndoo. Kisha alilianika katikati ya mibuni, mahali ambapo mpita njia asingeweza kuliona.

Bibi yake, Mektrida, alijua. Hakuwahi kumgombeza hata siku moja.

"Shuka ni kitambaa tu, mjukuu wangu," alisema huku akimmiminia chai. "Kunywa haraka, utachelewa namba shuleni."

Hilaria alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, huko Old Moshi. Shida ile ilianza mwaka uliotangulia, baba yake alipofariki. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, ndiyo maana baba alikwenda Mererani kuchimba madini, na huko ndiko alikofia. Baada ya mazishi mama naye akaenda Tarakea, mpakani, kuuza mitumba. Alirudi mara moja kwa mwezi. Hilaria akabaki na bibi, ng'ombe mmoja, na ile siri.

Muhula huo Mwalimu Rachel alirudi kutoka semina ya ushauri nasaha mjini Moshi. Alikuwa mwalimu kijana, mcheshi, na wanafunzi walimpenda. Alikuja na kisanduku cha mbao chenye tundu juu na kufuli mbele.

"Mwenye jambo linalomsumbua aliandike, alitumbukize humu," aliwaambia. "Ufunguo ninao mimi peke yangu. Litabaki kati yangu na yeye."

Hilaria aliwaza siku nne. Siku ya tano aliandika kila kitu: baba, mama, shuka, mibuni. Mwisho akaweka jina lake, kwa sababu alitaka kusaidiwa. Aliporudi nyumbani alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua debe la maji.

Ijumaa asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini, Mwalimu Rachel alisimama mbele na karatasi mkononi. Hilaria aliitambua karatasi ile kwa mstari wake wa wino mwekundu pembeni.

"Watoto wangu, leo nataka tujifunze kutochekana," mwalimu alianza. "Jina silitaji. Mwenzenu mmoja anaishi na bibi yake. Baba yake alifariki Mererani, mama yake anafanya biashara Tarakea. Mwenzenu huyu bado anakojoa kitandani, na kila asubuhi anaficha shuka lake. Je, ni vizuri kumcheka?"

"Siyo vizuri, Mwalimu!" waliitikia. Lakini vichwa vilikuwa vimeshageuka, mstari baada ya mstari, hadi macho yote yakamfikia Hilaria.

Walipoingia darasani, Filemon, aliyekaa dawati la nyuma, alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Hilaria, leo umeanika wapi?"

Darasa liliangua kicheko. "Kikojozi!" mwingine akadakia.

Dafroza, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alichukua daftari zake taratibu. "Hapa dirishani pana baridi," alisema bila kumtazama, akahamia dawati lingine.

Hilaria hakungoja kengele. Alipanda kilima hadi nyumbani, begi akaliacha shuleni.

"Bibi, shule nimeacha."

"Nani amekupiga?"

"Bora wangenipiga." Akasimulia yote, halafu akafuta machozi kwa kiganja. "Sitamwambia mtu kitu tena. Hata nikiugua, sitasema."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtisha bibi. Mtoto akikosa shule wiki moja, atasoma tena. Mtoto akijifunga mdomo, utajuaje anapoumwa?

Jumatano Mwalimu Rachel alifika na kilo ya sukari. Hilaria alimwona kwa mbali, akajibanza nyuma ya mibuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kigoda."

"Nimekuja kwa ajili ya Hilaria. Lakini bibi, mimi sikutaja jina!"

"Mwanangu, wewe umekulia wapi?"

"Kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa. Nyumba za wafanyakazi zimefanana zote, na watu wametoka kila mkoa. Pale ukisema mtoto anaishi na bibi yake, utawapata hamsini."

Bibi alitikisa kichwa. "Huku ukisema mama yuko Tarakea, umeshamtaja mtoto pamoja na ng'ombe wake."

Mwalimu alitazama sukari aliyoileta, akaiweka chini kama kitu cha aibu. "Nifanye nini, bibi? Nimwite nizungumze naye?"

"Maneno umeshayatumia mengi. Sisi Wachagga mtu akikosa sana, huleta jani la isale." Bibi alionyesha mimea mirefu yenye majani ya kijani iliyopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba lao la ukoo. Mwalimu aliinuka, akaelekea pale.

"Ee, Mwalimu! Siyo hilo langu! Utamwomba mtu msamaha kwa jani ulilochuma kwake? Katafute lako."

Hilaria, kule mibunini, nusura acheke. Akakumbuka mstarini, kicheko kikamkauka.

Mwalimu Rachel hakuwa na kihamba. Aliishi kwenye chumba cha shule. Ikambidi aende kwa mzee Kornel, jirani, na mzee akauliza kama ilivyo desturi: umemkosea nani?

"Mwanafunzi wangu," alijibu.

Mzee Kornel alimsimulia bibi baadaye kwamba hajawahi kuona mwalimu akimpelekea mtoto isale. Alimkatia jani zuri kuliko yote.

Jumamosi mwalimu alirudi. Safari hii Hilaria hakukimbia, ila alisimama mlangoni na mikono nyuma. Mwalimu alipiga magoti kwenye udongo, jani lililofungwa fundo likiwa juu ya viganja vyake viwili.

"Uliniamini, Hilaria, nami nikakusaliti. Sikukusudia. Lakini najua hilo halikupunguzii maumivu."

"Ulisema ufunguo unao wewe peke yako," Hilaria alisema.

"Nilisema."

"Bibi, ni lazima nilipokee?"

"Isale halirudishwi," bibi alijibu. "Ila anayelipokea ana haki ya kusema neno lake."

Hilaria alifikiri. "Usinizungumzie tena mstarini. Hata kuniombea msamaha, usiniombee. Ukisema 'msimcheke', ndipo wanapocheka."

"Sitakuzungumzia."

"Na kile kisanduku?"

"Nimekiondoa. Mwenye shida atakuja mwenyewe, na sitamwambia mtu mwingine kabla ya kumuuliza. Akiwa hatarini, nikalazimika kutafuta msaada, yeye atakuwa wa kwanza kujua ni nani nitamwambia."

Hilaria akanyoosha mkono, akalipokea jani.

Jumatatu walikwenda wote watatu zahanati. Muuguzi alipima mkojo, akauliza maswali kwa upole. "Ugonjwa hakuna," alisema. "Watoto wengi hupata hali hii, hasa wakifiwa. Si uchafu wala uvivu. Apunguze chai jioni, aende chooni kabla ya kulala, na apate mtu wa kuongea naye."

Basi Hilaria akarudi shule, na kila Alhamisi baada ya masomo aliketi na mwalimu katika chumba kidogo kando ya stoo ya majembe. Mara ya kwanza hakusema chochote. Mara ya tatu alizungumza juu ya baba yake, akalia kwa sauti, na mwalimu hakumharakisha. Akaanza kuamka shuka likiwa kavu siku mbili kwa wiki, kisha nne. Watani walichoka. Dafroza alirudi dawatini siku moja akiwa na ndizi mbivu mbili, akasema, "Nilikuwa mjinga." Hilaria alichukua moja. Ilimchukua muda mrefu zaidi kumsimulia jambo.

Alhamisi moja, akitoka chumbani mle, alimkuta Filemon mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimetumwa chaki," Filemon alisema upesi.

Chaki hazikuwahi kukaa kwenye chumba kile, na wote wawili walijua. Filemon akainamisha kichwa. "Utawaambia?"

Kwa wiki nyingi Hilaria alikuwa ameiota nafasi kama hiyo. Alimtazama, akakumbuka vichwa vilivyogeuka mstari baada ya mstari.

"Chaki ziko ndani," alisema. "Mwalimu yupo. Ingia."

Jioni, wakimenya ndizi za kupika supu ya mtori, alimwambia bibi, "Leo nimemwona mtu mlangoni kwa mwalimu. Ila sikuambii ni nani."

Bibi aliweka kisu chini. "Na mimi sikuulizi. Sikiliza, mjukuu wangu. Mwalimu alikosa kwa kusema yasiyokuwa yake. Wewe nusura ukose kwa kuyanyamazia yaliyo yako. Siri ya mwenzako itunze. Shida yako iseme, na mtu wa kwanza akikuangusha, usikate tamaa, mtafute wa pili."

Jumamosi Hilaria alifua shuka lake, lililokuwa kavu wiki nzima. Akapita mibuni, akalianika kwenye kamba ya mbele, palipo na jua, kando ya njia.