Shimo Msilifukie Kwanza

Jefwa alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alikaa kibarazani akikanyaga cherehani yake, na mkewe Kahonzi akitia vifungo. Matajiri hawakuwa, lakini njaa hawakulala.

Kando ya barabara yao ulipita mtaro. Mfuniko wake mmoja ulivunjika, watu wakawa wanaruka tu. Hatari ukiizoea, huiona kama jirani.

Jioni moja mvua kubwa ilinyesha, maji yakafunika njia yote. Jefwa alikuwa akirudi kutoka kwa mteja. Shimo hakuliona. Mguu ukazama, mfupa ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta hadi pajani.

Kahonzi hakupata usingizi. Fundi asiyeweza kukanyaga cherehani atalisha watoto nini?

Asubuhi majirani walikuja na makarai na mawe.

"Mama Kache, usiwe na wasiwasi," Gona, muuza maji wa mkokoteni, alimwambia Kahonzi. "Tutafanya mwerya, kama kwetu Vitengeni. Kazi ya wote! Shimo hili leo tunalifukia."

Kahonzi alishukuru, akashika karai. Mara Bi Zuleikha akatoka mbio, leso mabegani. Jirani huyu alikuwa karani kwa wakili mjini.

"Tueni mawe hayo! Mwafukia ushahidi!"

"Kwani wataka na mwingine avunjike?" Kahonzi aliuliza kwa hasira.

"La, mwanangu. Zungushieni fito, mfunge na kitambaa chekundu, mtu asipite. Kisha mwiteni mpiga picha. Barabara hii ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Ni ya halmashauri ya mji. Kuitunza ni kazi yao. Wakijua pana hatari, wakaiacha mpaka mtu akaumia, twaweza kuwadai fidia. Lakini tuonyeshe kwamba walijua."

Gona akakuna kichwa. "Mbona mimi niliwaambia kabla ya Ramadhani? Gurudumu langu lilitumbukia humu. Wakanijibu, 'Tutaangalia.'"

"Ewe Gona! Shahidi mzima, na umesimama na karai mkononi!"

Watu wakacheka. Picha ikapigwa, daktari akaandika jinsi mguu ulivyoumia.

"Usingoje mpaka apone," Bi Zuleikha alimwonya Kahonzi. "Madai yana muda wake kisheria. Ukipita, umekosa."

Kahonzi akaenda na yule wakili wa Bi Zuleikha, pamoja na Gona, hadi halmashauri. Ofisa akamtazama juu chini.

"Mama, mumeo hakuwa amekunywa mnazi?"

"Jefwa? Huyo chai ya tangawizi tu humlevya! Lakini bwana, hata mlevi hastahili kuvunjwa mguu na barabara. Mimi nimekuja kwa habari ya shimo. Picha hii hapa. Aliyewaambia huyu hapa. Mfuniko uko wapi?"

Ofisa akavuta faili, akaanza kuandika.

Mambo hayakwisha siku hiyo. Kahonzi alikwenda, akarudi, akaenda tena. Hakuchoka. Mwishowe halmashauri ikakubali kulipa matibabu, pamoja na kazi yote aliyoikosa Jefwa. Mguu ukaunga, cherehani ikalia tena.

Kisha mafundi wa halmashauri wakaja na mfuniko mpya wa saruji. Walipomaliza, msimamizi wao akapangusa jasho.

"Haya mama, umeridhika?"

"Nimeshukuru sana, baba," Kahonzi alisema. "Sasa chukua chepe lako unifuate. Pale mbele ya shule pana shimo jingine, nalo leo nakuarifu mbele ya mashahidi."

Msimamizi akawatazama kina mama wa mtaa waliojipanga nyuma yake. Akachukua chepe.