Chuma Kwenye Siagi

“Marieta, mwambie baba yako wazee hawaji Jumamosi.”

Hhando aliniambia hivyo siku ya Alhamisi mchana, nje ya darasa la kidato cha tatu, wanafunzi wangu wakitukodolea macho dirishani. Nilikuwa bado na chaki mkononi. Nilidhani anatania, maana huyu mwanaume akitaniana na mtu huwa hajui kupima.

“Wamepata msiba?”

“Hapana.”

“Basi wanakuja lini?”

“Sijui. Labda wasije kabisa. Naomba usiniulize.”

Akageuka, akaondoka kuelekea barabara ya Katesh bila hata kunishika mkono. Nilirudi darasani nikaandika ubaoni kitu ambacho mpaka leo sikikumbuki. Watoto wakaniambia, mwalimu, umekosea. Nikawaambia wanakili hivyo hivyo.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2008. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia kwetu Nangwa, na Hhando alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu ya fizikia huko Ujerumani, amekuja likizo ya wiki tatu ili wazee wake waje kunichumbia. Tulikutana chuo kikuu Dar es Salaam, tukiwa wawili tu kutoka Manyara kwenye darasa lile. Yeye ni Mwiraqw wa kijiji cha Daudi, kule Mbulu, watu wa mashamba na kanisa. Mimi ni Mbarbaigi, tena binti wa mhunzi, na wahunzi hata Wabarbaigi wenzetu wengine hawapendi kuoa kwetu.

Mama yake, Letisia, alitukataa miaka miwili. Alisema mkono wa mhunzi unaharibu kila unachogusa, na mwanawe asimletee huo mkono nyumbani. Alilegea pale tu Hhando alipopata sifa huko alikokuwa.

Sifa yenyewe nieleze, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyolia.

Umeme ni chembe ndogo, elektroni, na kwa kawaida zinasukumana. Lakini kuna metali ukiipooza sana, kushinda baridi yoyote ya mlima Hanang, zinashikana mbili mbili na umeme unapita bila kupotea hata kidogo. Ukileta usumaku wa kutosha, zinaachana. Ndivyo tulivyofundishwa. Sasa Hhando alikuwa anatengeneza vipande vidogo vinavyong'aa, fuwele, ambamo elektroni zimebanana mno, hakuna inayosogea bila kumsumbua jirani. Mwaka 2007 akapima akakuta umeme unapita bure na usumaku mkubwa upo, vyote pamoja, ndani ya fuwele moja. Akaandika kwamba huenda usumaku wenyewe ndio unaozishikanisha. Maprofesa walimpigia makofi. Mimi alinipigia simu, akanielezea mpaka salio likakata, akapiga tena.

Mwenzenu nilijiona nimeokoka. Mama yake akatuma neno kwamba sasa wazee wao wanaweza kuja kwetu kuongea.

Siku ile ya Alhamisi nilimpigia mara kumi na moja. Hakupokea. Nikatuma ujumbe, “Kama umepata mwingine sema, nisije nikamwaibisha baba yangu.” Kimya. Baba, Mzee Qamara, alikuwa nyuma ya nyumba anachagua dume la kuchinja. Aliniuliza kama wageni wanakula mafuta mengi. Nilimjibu ndiyo, baba. Sikuweza kumwambia kitu kingine, nilishindwa kabisa.

Jioni simu ikalia. Haikuwa yake. Ulikuwa ujumbe wa Nicodemo, Mtanzania mwenzake wanayefanya naye kazi kwenye maabara ile.

“Shem, mshauri Hhando amwandikie profesa, Jumatatu isipite. Wenzetu wa nchi nyingine wametengeneza fuwele kama zile, umeme unapita bure lakini usumaku mkubwa hakuna. Nimeangalia za kwetu kwa hadubini. Zina vumbi la chuma kwenye mafuta mafuta. Yeye anajua tangu mwezi wa tatu. Akisema mwenyewe ni kosa la kazi. Akinyamaza ni udanganyifu, atafukuzwa.”

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena pale kwenye mafuta.

Baba yangu huyeyusha makufuli mabovu na koki za maji, akapata shaba ya njano. Kwa shaba hiyo alimtengenezea Hhando kikopo chenye mfuniko, kikubwa kama kidole gumba. Na nyumbani kwetu, sijui kwa wahunzi wengine, kitu anachopewa mkwe mtarajiwa hupakwa siagi ya ng'ombe ndani na nje, na hakioshwi mpaka harusi ipite. Hhando aliwahi kuniuliza kwenye simu kama anaweza kukiosha. Nilimfokea. Nilimwambia ukikiosha umemtukana baba. Baadaye alipotakiwa kupeleka fuwele zake mji mwingine wenye sumaku kubwa, akazitia humo, ili aende na kitu cha kwetu. Alijua shaba haina usumaku. Alichosahau, na mimi mwalimu wa fizikia nilichosahau, ni kwamba baba hulainisha shaba kwa tupa ile ile anayolainishia visu na mikuki. Vumbi la chuma lilikuwa limelala kwenye siagi muda wote.

Basi mwanaume wangu alikuwa ameharibikiwa kwa kututii. Nililia kwa uchungu, na humo humo nikafurahi, kwa sababu hakuwa na mwanamke mwingine. Moyo una mambo yake ya aibu.

Nikamtumia, “Nimejua. Chuma kilitoka kwetu. Ongea na mimi.”

Akajibu mara hii. “Usije Daudi. Nakuomba.”

Kwa hiyo nilienda. Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikabadilisha magari mpaka Mbulu, na saa saba nilikuwa kwenye shamba la vitunguu saumu la kwao, nimemsimamia kichwani. Alikuwa anang'oa mimea kama mtu anayegombana nayo.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia nini? Kwamba zawadi ya baba yako imeniharibia kazi? Ingemfikia mama. Unajua angesema nini.”

“Kwa hiyo ulikuwa unanilinda.”

“Ndiyo.”

“Miezi minne unanilinda. Na kuwazuia wazee wasije, hiyo nayo ni kunilinda?”

Alikaa chini kwenye udongo. Alikuwa amekonda, nikaona mabega yake yalivyochongoka ndani ya shati, na nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja. Akasema wakimfukuza atarudi hapa hana shahada wala kazi, na mama yake atauliza imekuwaje, na jibu lolote litaishia kwenye mlango wetu. Akasema ni afadhali nimwone mwongo kuliko nije niishi nyumba moja na mwanamke anayeniita mkosi.

“Na wewe, Hhando? Wewe uliniitaje moyoni?”

Aliuweka chini mmea aliokuwa ameushika. Nilijua hapo hapo.

“Kuna wiki moja,” akasema. “Mwezi wa tatu. Nilipoona chuma kwenye hadubini. Wiki moja niliamini maneno ya mama.”

“Kwamba mkono wetu unaharibu.”

“Wiki moja tu, Marieta. Nilikuwa sili, silali.”

Kunyamaza juu ya ile siagi nilishamsamehe kabla sijashuka kwenye gari. Hiyo wiki iliniingia kifuani. Mtu aliyesoma mpaka mwisho wa vitabu, anayejua vumbi la tupa ni nini na sumaku inalifanya nini, siku alipoumia alirudi kwenye maneno yale yale ambayo watu walimtupia bibi yangu kisimani.

Mama yake akatokea na ungo wa maharage. Nikainama, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, akaniuliza nimefuata nini wakati kesho wao ndio wanaokuja kwetu. Kumbe hata yeye hakuwa ameambiwa. Nikamtazama Hhando. Nilimpa nafasi, Mungu anajua. Nilihesabu pumzi zangu nikingoja aseme neno moja.

“Amepita kusalimia tu, mama,” akasema.

Niliaga. Njia nzima kurudi sikulia, nilikuwa nimekauka. Nilijiambia nitafundisha, nitazeeka, nitamtunza baba, na habari za wanaume ziishe. Nilipofika Nangwa baba alikuwa ameshachinja. Nyama imetundikwa, jirani zetu wawili wameitwa kukaa kama wazee wa upande wetu. Nilifungua mdomo nimwambie. Akaniuliza kama shati lake jeupe limepigwa pasi. Nikaenda kulipiga pasi.

Jumamosi alikaa uani tangu asubuhi, amevaa lile shati na koti la baridi juu yake, anatazama barabara. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Jirani mmoja akakohoa akasema labda gari limeharibika. Nilikuwa jikoni, nimeshika ukuta, nikimwomba Mungu baba yangu asiangalie upande wangu.

Saa nane wakaja. Hawakuwa saba kama ilivyopangwa. Walikuwa watatu, Hhando, baba yake mdogo Yoakimu, na Letisia mwenyewe, ambaye kwa utaratibu wao hakutakiwa kuwapo. Salamu zikatolewa kama inavyotakiwa. Yoakimu akasema yeye hajui kwa nini wamekuja watatu, kijana amewaomba tu waje wasikie.

Hhando hakukaa. Alisimama mbele ya baba.

“Baba, nina kosa kwako na kwa binti yako. Nikilisema tukiwa wawili nitalipunguza. Ndiyo maana nimemleta mama.”

Akasema yote. Kikopo, siagi, tupa, fuwele, na sifa aliyopewa kwa kitu ambacho hakikuwepo. Alisema kwa maneno mepesi, kama anamfundisha mtu wa darasa la saba, na baba alikuwa anafuata, nililiona lile jicho lake la fundi likifuata. Alisema pia ile wiki moja. Hakuificha.

Letisia akapiga goti lake kwa kiganja.

“Si nilikuambia? Si nilikuambia tangu mwanzo?”

“Uliniambia mkono wa mhunzi, mama. Mhunzi hakunituma niweke kazi yangu kwenye siagi. Mimi ndiye niliyejua ilipaswa kuwa safi, na mimi ndiye niliyenyamaza. Mkono ulioharibu ni huu.”

Akaunyoosha.

Baba yangu si mtu wa maneno, na Kiswahili chake anakitumia kwa kukipima. Aliuliza, “Hiyo fuwele imekufa?”

“Hapana, baba. Umeme bado unapita. Usumaku ule mkubwa ndio haukuwa wake. Kama kuna mdogo umejificha chini yake, sijui. Inabidi nipime upya.”

“Na hao wakubwa wako, umewaambia?”

“Bado.”

“Miezi minne.”

“Ndiyo, baba.”

Baba akavua kofia yake akaiweka gotini. “Mimi nikiuza kisu kibovu, mtu akirudi nacho, nakiri siku hiyo hiyo. Sasa wewe unajua kunyamaza miezi minne. Binti yangu akiugua kwako, mkigombana, mkikosa, utanyamaza miezi mingapi? Niambie kwa nini nikupe.”

Yoakimu akatazama chini. Na Letisia, nilimwona, uso wake ulibadilika. Miaka yote alikuwa anafikiri kama sisi ndio tunaoomba. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mhunzi wa Nangwa anaweza kumkataa mwanawe, tena kwa haki.

Akainuka. Mama yule mzito, mwenye kitambaa cha kanisani kichwani, akasogea mpaka mbele ya baba.

“Mzee Qamara, usimkatae,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Alinyamaza kwa sababu yangu. Aliogopa mdomo wangu. Nilisema maneno mabaya juu ya nyumba hii, na leo nimekalishwa hapa na sijaona hata kitu kimoja cha kunifanya niyarudie. Nakuomba.”

Baba akamwonyesha kiti akae.

“Mimi sina kisasi, mama. Lakini wa kujibu si mimi.” Akaita jikoni. “Marieta.”

Nilitoka na mikono yangu ina unga. Wote wanne na jirani zetu wakanitazama. Nilikuwa na jibu la Ijumaa bado moto mdomoni, jibu la kumfukuza. Kisha nikamtazama Hhando, ambaye hakuwa ananitazama kwa kunisihi, alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyekwisha kusema alichonacho.

“Ana barua ya kuandika,” nikasema. “Aandike hapa, nisome kwanza.”

Nikamletea daftari langu la maandalizi ya masomo. Aliandika kwenye meza ya chakula, wazee wakila nyama uani. Aliandika kwamba matokeo yale yaondolewe, na kwamba kosa ni lake peke yake. Nikamfutia neno “huenda” mara mbili. Nikamwongezea tarehe ya mwezi wa tatu aliyokuwa ameiruka, akaumia, akaiandika kwa mkono wake. Jumatatu aliituma kwenye kompyuta za kukodi pale Katesh, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake.

Hawakumfukuza. Walimnyang'anya sifa ile, wakamwongezea mwaka mzima wa kupima upya, na jina lake likasemwa vibaya kwenye mikutano ambayo mimi sitafika kamwe. Alinipigia siku aliyopata majibu hayo akalia kwenye simu bila kunificha.

Lakini Jumamosi ile, kabla hawajaondoka, baba aliniuliza mbele ya wote kama bado namtaka. Nilisema ndiyo, namtaka. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote nilizomjua, na nilikuwa bado nimemkasirikia mpaka mikono inauma.