Waya Mkononi

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa friji, mtu asiyejua kutunga uongo. Jumapili moja alasiri, yeye, shemeji yake na jirani mmoja walikuwa wakipanga msafara wa helikopta tatu katika mchezo wao wa vita wa kompyuta. Kila mtu alikuwa kwake, wakisikilizana kwa hedifoni. Rafiki yangu alikuwa peke yake, mkewe na watoto wametoka, amefunga mapazia, chumba giza ila mwanga wa skrini.

"Tupite bondeni, tubebe majeruhi, turudi," aliwaambia.

Kipaza sauti chake kikaanza kukwaruza. Akachomoa waya wake ili aufute vumbi.

"Sawa, kama unataka tupite mlimani, twende," shemeji akajibu.

Rafiki yangu hakuwa ametamka neno, na waya ulikuwa bado mkononi mwake.

"Wewe na vichekesho vyako!" jirani akaangua kicheko.

"Si mimi!" rafiki yangu akapiga kelele. Hawakumsikia. Akapapasa gizani nyuma ya kompyuta akitafuta tundu la waya. Kule kwa wenzake kukawa kimya, kimya cha watu wanaomsikiliza mtu anayeongea taratibu.

Kisha shemeji akasema kwa upole, "Usijali, shemeji. Watoto tutakulelea."