Mwanga Uliohamia kwa Jirani

"Hodi."

Nadira alifungua mlango wa chumba anachofundishia tuisheni, Magogoni. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, kajifunika buibui hadi puani, ananukia singo, manukato anayosugulia bibi harusi mwilini.

"Karibu. Bibi harusi gani huyu anayetoroka siku za kusingwa?"

"Nisitiri, dada. Naitwa Swabra, natoka Likoni. Mama akijua nimevuka feri hatanisamehe." Alivua viatu, akaketi. "Ijumaa naolewa. Mchumba wangu mazungumzo yake ni molekuli na mwanga tu. Mimi namwitikia 'naam, naam' kama kasuku. Nimeambiwa umesomea kemia. Nifunze, nami nimjibu neno moja la maana."

Nadira alicheka. Ndoa ya namna hiyo ndiyo aliyoiota.

"Nitakufunza mpaka uelewe. Nakuahidi."

"Mungu akuweke. Hashim atashangaa."

"Hashim yupi?"

"Hashim Mwinyihaji. Yule mtafiti wa chuo."

Kicheko kikamkauka. Alimpa Swabra simu yake. Ujumbe wa Hashim ulikuwa wa jana:

"Subiri kidogo, roho yangu. Utafiti ukiisha naleta posa kwenu, inshallah."

Swabra aliusoma, akaurudia.

"Mmependana tangu lini?"

"Tangu tukiwa wanafunzi."

"Wallahi sikujua." Akairudisha simu. "Lakini mahari imeshapokewa, na baba ameshaalika mtaa mzima. Nikikataa, nani atanisikiliza?"

Swabra akainuka kutafuta viatu.

"Keti, mdogo wangu. Nimekuahidi."

Nadira alichora ubaoni molekuli moja yenye sehemu mbili zinazonyonya mwanga.

"Hii ya kwanza hunyonya mwanga, ikasisimka. Jirani yake akiwa karibu, nishati humhamia hata bila kugusana. Anayewaka ni jirani."

"Na ile ya kwanza?"

"Hutulia. Hubaki gizani, kama haikupata kitu."

"Haiwezi kuudai mwanga wake?"

"Ni shida. Nishati huteremka. Kupanda tena ni nadra."

Swabra alianza kulia.

"Basi, dada. Imetosha."

"Haijatosha. Hujaelewa bado kwa nini wakitengana kidogo tu, nishati haihami."

Nadira alijifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la chaki, akaanza mchoro wa pili.