Damu Kwenye Koti Safi

Ilikuwa mwisho wa mwezi, maduka ya vitambaa yamefurika watu, hata pa kukanyaga hakuna. Fundi wa mavazi, dada wa gauni la njano na pini mdomoni, alimnyooshea futi kamba mabegani mwanamume asiyemjua.

"Samahani kaka, usitikisike. Namshonea mtu mwenye mabega kama haya."

"Nani huyo mwenye bahati?"

"Muuaji. Wa kwenye filamu."

Mwanamume akacheka. "Basi pima vizuri. Nafasi hiyo nimepewa mimi jana."

Filamu yenyewe ilitokana na riwaya ya uhalifu, na fundi alikuwa ameisoma mara mbili: mwanamume mpole, anapenda kwanza, halafu anaua. Mwigizaji naye alikuwa mpole. Haikupita wiki fundi amezama mzima mzima, maana mwenye kupenda haoni, tunaoona ni sisi wa pembeni.

"Makoti mawili ya nini, na mimi ni mmoja?" mwigizaji alimuuliza kwenye simu.

"Moja la kumwagiwa damu, moja safi la akiba. Ole wako uliguse lile safi."

"Nikiligusa je?"

"Nitakushona humo humo, laazizi."

Wiki ya tatu fundi alipunguza kiuno cha makoti yote mawili. Akamtania kwamba mapenzi yanamkondesha.

Asubuhi moja alilikuta koti safi limetundikwa, mkono mmoja umekunjwa kwa ndani. Akaukunjua. Damu. Sasa, damu ya filamu ni sharubati na rangi. Haikauki upesi, na sisimizi huifuata. Hii ilikuwa imegeuka kahawia, imekakamaa, na hapakuwa na sisimizi hata mmoja.

Msusi wa filamu hajaonekana tangu juzi, simu yake haipatikani. Na kwenye riwaya wa kwanza kuuawa ni msusi. Wa pili ni mpenzi.

Simu ikalia. "Kipenzi, umeshaingia chumba cha mavazi?" Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Ndiyo."

"Koti umeliona?"

"Koti gani?"

"Usimwambie mtu. Nakuja."

Fundi alifunga mlango kwa ufunguo, akashika mkasi mkubwa kwa mikono miwili. Hatua zikasikika ukumbini. Kitasa kikazunguka.

"Fungua, mpenzi. Ni mimi."

Maneno ya muuaji hayo, neno kwa neno, aliyomsikia akiyafanyia mazoezi mwezi mzima.

"Msusi yuko wapi?"

"Si amekwenda msibani?"

"Unanidanganya."

"Mpigie basi."

Alipiga huku jicho liko kwenye kitasa. Safari hii ikaita.

"Shoga yangu, huku mtandao wa shida," msusi alisema. "Tumemzika shangazi jana. Huyo bwana wako keshakwenda hospitali? Nilimkuta anakohoa damu, nikamwambia usipokwenda namwambia mwenzio."

Fundi akaweka mkasi chini, akafungua. Mwigizaji alikuwa ameketi sakafuni, shati limelowa jasho, leso iko mdomoni.

"Jana homa ilinipanda, nikajifunika lile koti," alisema. "Zimebaki wiki tatu filamu iishe. Wakijua, wanamchukua mwingine. Na wewe ungenikimbia."

"Mimi nakuogopa wewe, kumbe wa kuogopwa yuko kifuani mwako."

"Bado unaogopa?"

"Sana. Simama twende."

Hospitalini nesi alishika kalamu juu ya fomu. "Dada, wewe ni nani wake?"

Fundi alimtazama mgonjwa, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alijisikia vibaya kwamba yeye, mpima watu, hakuona.

"Mke wake."

Mwigizaji aliinua kichwa. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nyamaza, kohoa kwenye kikopo kama ulivyoambiwa."

Nesi akaandika. Mlango wa chumba cha eksirei ukafunguliwa, mgonjwa akaitwa, yeye peke yake. Fundi aliachiwa saa na viatu vya mgonjwa. Akakaa navyo mapajani, mke wa dakika tano, anatetemeka kuliko alivyotetemeka akiwa na mkasi nyuma ya mlango.