Karatasi Hutoka Moto

Hili lilimkuta rafiki yangu Lorna, fundi wa printa mjini Duluth, kando ya ziwa kubwa, jioni moja ya theluji. Mteja wake, Voight, alikuwa akichapisha matangazo ya kumtafuta binti wa mkewe, lakini uso wa binti kwenye picha ulitoka wa bluu.

"Nyekundu imegoma," alisema Lorna, akabadilisha katriji ya wino. Ukurasa wa majaribio ukatoka safi, nyekundu tele. Akarudia tangazo. Taa zikafifia, rola za mashine zikakwaruza kama kucha kwenye barafu. Bluu ileile; na binti aliyekuwa akicheka kwenye skrini, kwenye karatasi alikuwa amefumba macho.

"Usihangaike, dada," alisema Voight akitabasamu. "Hapo sasa amefanana na alivyo. Toa hizohizo, mama yake anyamaze."

Lorna akaichukua karatasi. Mashine ile hutoa karatasi za moto. Hii ilikuwa baridi, ikichuruzika maji.